Siku Waliyokatazwa Kumsukuma

Kwetu, mtu akikuona unapanda kilima na baiskeli yenye mzigo, anakusukuma. Haulizi, hajitambulishi, wala hasubiri kushukuriwa. Kama alikuwa na jembe, analiegemeza kwenye ua. Kama ana mtoto mgongoni, anamkaza vizuri, kisha anaweka kiganja kwenye gunia au mgongoni mwako na mnapanda pamoja mkizungumza habari za mvua. Mkifika juu anageuka na kurudi kwenye shughuli zake. Nimesukumwa na watu ambao mpaka leo siwajui, na nimesukuma wengi tu, mmoja wao mwizi wa mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa ndani ya gunia nililokuwa nalishikilia, na nilidhani ni viazi mpaka alipolia.

Naeleza hili kwanza kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa mambo yaliyotokea siku mume wangu alipokwenda kuupanda mlima Oldeani kwenye kilima cha kijijini kwao, na jinsi shangazi yake alivyokaribia kuvunja kikundi cha watu wazima.

Nina mgahawa mdogo hapa Karatu, kando ya lami inayokwenda geti la Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita mbele yangu tangu asubuhi, lakini watalii hawali makande. Wanaokula kwangu ni madereva wao wakirudi, mafundi, walimu, na Jumapili baada ya ibada, vichaa wa baiskeli.

Vichaa ni jina nililowapa mimi, na wao wamelipokea. Ni watu wenye akili zao na familia zao, ambao starehe yao ni kutafuta mwinuko mkali kuliko yote na kuupanda mpaka miguu iwatetemeke. Mwenyekiti wao ni muuguzi, mama wa makamo kama mimi, mwenye sauti ya kunyoosha foleni. Yupo mwalimu wa hesabu, wapo madereva kadhaa, na yupo kijana wa Kimaasai kutoka huko juu hifadhini, anayepanda huku amelikunja shuka lake la rubega kiunoni na katambuga za tairi miguuni. Wenzake wenye viatu maalumu wanauona mgongo wake tu.

Wana jambo lao moja kubwa ambalo mtu hulifanyia mazoezi kwa miezi. Unachagua mlima, kwa kawaida ule unaouona ukiwa nyumbani kwako. Halafu unatafuta kilima kidogo, unakipanda, unashuka, unakipanda tena, siku nzima, mpaka jumla ya kupanda kwako ifikie kimo cha ule mlima mkubwa. Wengi huanza na Oldeani, kwa sababu Karatu ukifungua mlango wa nyuma ndio unaokutazama. Waliokomaa wameshapanda Kilimanjaro kwa namna hiyo, wakitoka alfajiri na kurudi wakiwa wamechanganyikiwa na njaa. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliuliza kwa nini wasiende kuupanda Oldeani wenyewe, si uko pale? Mwalimu wa hesabu aliacha kutafuna akanitazama kama niliyetukana kanisani.

Sheria zao ni chache. Unaweza kupumzika, unaweza kula, unaweza hata kuweka mguu chini. Lakini kusukumwa hakuna, na kuvutwa hakuna. Mkono wa mtu ukikugusa unapopanda, safari hiyo imefutwa. Unashuka hadi chini na kuanza upya.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Siku moja ya matope gari lilipinduka. Wageni walitoka salama, jambo ambalo hata leo ukimuuliza habari za ajali ndilo analolitaja kwanza, lakini mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pabaya. Wakamwekea chuma ndani. Miezi mingi alikuwa mtu wa kitandani, na mimi ndiye niliyemwogesha, nikamgeuza, nikambebea choo. Sikuona taabu. Nilikuwa nampelekea porojo za mgahawani, nani kagombana na nani, naye alikuwa anacheka, na nilifikiri tunavuka salama.

Siku alipoweza kusimama na magongo, alichukua kitambaa cha kuogea mkononi mwangu. Akasema, "Basi, mama watoto. Naomba uniache."

Nilifurahi, nikidhani ndiko kupona. Kumbe alimaanisha yote. Tangu siku hiyo alifunga mlango wa bafu kwa komeo. Akiteleza nami nikinyoosha mkono, alijikunja kama aliyeona moto. Kitandani alilala ukingoni kabisa, uso ukutani, mpaka nikawa naogopa ataanguka. Hakunisema vibaya, wala hakuwa na mwanamke mwingine. Hilo nililichunguza, siwafichi. Alikuwa na adabu tu, adabu za mgeni. Alinishukuru kwa chai. Ndoa yetu haikuwahi kuwa na kushukuriana kwa chai.

Nilimkosa mume wangu naye yumo ndani. Nilijaribu kununa, hakuona. Nikajaribu kugomba, maana mdomo ninao, na siku moja nikamwambia kama nimekuwa kinyaa kwake aseme, nijue. Akajibu, "Si wewe," akatoka nje. Nilibaki jikoni na mwiko mkononi nikilia, na mteja aliyechungulia nikamwambia ni vitunguu.

Wazo la baiskeli lililetwa na daktari wa mazoezi. Alisema mguu unahitaji kuzungushwa bila kubebeshwa uzito, na kwamba baiskeli ni nzuri kwa hilo. Mume wangu akatafuta ya gia, kuukuu lakini imara. Mwanzo alikuwa anazunguka uwanja wa mpira tu. Kisha vichaa wakamwona, na kwa kuwa kichaa humtambua mwenzake, Jumapili iliyofuata alikuwa meza moja nao, akila makande yangu na kuzungumzia minyororo. Niliionea wivu ile baiskeli. Aliifuta, akaipaka mafuta, jioni aliinama mbele yake akiisemesha. Sikumbuki mara ya mwisho aliponisemesha mimi kwa sauti ile.

Lakini siwezi kusema uongo, ilimponya. Alichechemea, na anachechemea mpaka leo, ila juu ya siti alikuwa mzima. Kikundi kilimchukua kama ndugu. Akibaki nyuma, kijana wa Kimaasai alirudi kimya kimya na kuendesha kando yake, bila kusema lolote na bila kumtazama. Siku za baridi mwenyekiti alimkagua mguu mbele ya watu wote, naye alimruhusu, kwa kuwa yule ni muuguzi. Mimi niliangalia pembeni.

Ndipo akatangaza kwamba na yeye atapanda Oldeani. Tulikuwa mezani, kikundi chote kikapiga makofi, mmoja akapiga sahani. Nilipobaki naye nilimuuliza kwa nini, na mguu ule. Alifikiri kidogo, maana si mtu wa kujibu ovyo.

"Nataka nifanye jambo moja hadi mwisho," akasema, "bila mtu kunishika."

Nikaitikia vizuri tu. Nikaenda nyuma kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilikuwa na hofu mbili na zote zilikuwa kubwa. Asipomaliza, atarudi ukutani, na safari hii huenda asigeuke tena. Na akimaliza, atakuwa ameonyesha mbele ya mashahidi kwamba mikono yangu haihitaji.

Makosa yalikuwa kwenye kuchagua kilima. Wengine wote walikwenda mbali na kwao, mahali wasipojulikana, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Yeye akachagua barabara ya kijiji alichozaliwa, kule karibu na msitu wa hifadhi. Ni ya udongo mwekundu, inaanzia kwenye daraja la korongo, inapita kanisani, inakata kona kali sana mbele ya nyumba ya shangazi yake, na kuishia kwenye mikaratusi mpakani mwa msitu. Mwinuko ulikuwa unafaa, na mashimo aliyajua tangu utoto. Mwalimu akapiga hesabu zake, mwenyekiti akakubali. Sote tumezaliwa huku, sote tumesukuma na kusukumwa, na hakuna hata mmoja aliyewaza.

Siku yenyewe tulifika kungali na ukungu. Nikawasha jiko langu la mkaa pembeni mwa ile kona, uji wa ulezi ukaanza kuchemka. Safari za mwanzo zilikwenda vizuri, kwa sababu watu walikuwa bado ndani. Alipita mbele yangu akihema kwa mpangilio, macho kwenye tairi la mbele, nami nilijisikia fahari ambayo sikuitarajia.

Kisha kijiji kikaamka.

Wa kwanza alikuwa mtu aliyesoma naye shule ya msingi, anakwenda shambani. Alipomwona akatupa jembe. "Aisee, ndugu yangu! Umepona! Hata hukutuambia!" Na hapo hapo kiganja mgongoni, akamsukuma kuanzia kanisani mpaka kwenye mikaratusi, akimpa habari za ng'ombe wake wote. Sasa utamwambiaje mtu aliyekuja kukutazama hospitali kwamba aondoe mkono? Mume wangu alishukuru, akauliza habari za watoto, akashuka. Mwenyekiti, aliyekuwa na simu yenye kupima kimo, akatikisa kichwa. Imefutwa.

Safari iliyofuata walikuwa wasichana wawili wanaotoka kuchota maji. Walitua ndoo zao katikati ya barabara. Halafu katekista, na suti yake, aliyeegesha pikipiki ili amsukume vizuri. Halafu wanawake wa kwaya, wengi, wakimsukuma huku wanaimba, naye akawa hakanyagi hata pedeli. Madereva vijana walikaa chini kwa kucheka. "Mzee leo kafungiwa injini!" Halafu akaja shangazi yake, mdogo wa mwili, mgongo umeinama, na yeye hakusukuma kwa kiganja. Alisukuma kwa bega.

Mimi pia nilicheka, hadi nilipomwona mume wangu uso. Alikuwa amefika kunywa uji, akakishika kikombe bila kukipeleka mdomoni. Asubuhi yote ile alikuwa amepanda, na karibu yote ilikuwa imefutwa.

Mwenyekiti akaamua kuitisha mkutano pale pale barabarani. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha hospitali, mwalimu akarudia kwa Kiiraqw. Watu walisikiliza kwa heshima na hawakuelewa. Shangazi akanyoosha kidole.

"Mnasema anashindana. Na nani?"

"Na mlima, mama," mwenyekiti akasema.

"Mlima upi?"

"Oldeani."

Shangazi akageuka, akautazama Oldeani, uliokuwa umetoa kichwa kwenye mawingu upande wa pili kabisa. "Na huku anafanya nini?"

Mwenyekiti akainamia simu yake. Nilimpenda sana yule mama kwa wakati huo.

"Kwa hiyo," akaendelea, "mnataka nikae hapa nimtazame mtoto wa kaka yangu anahangaika, na mikono ninayo?"

Ndipo mume wangu akasema mwenyewe. Alikuwa ameinamia usukani, hakumtazama mtu. "Shangazi, naomba mniache."

Yalikuwa maneno yale yale, na sauti ile ile. Nilihisi yamenipiga mimi. Shangazi akamwacha yeye na kunigeukia mimi, akanitazama muda mrefu. "Na wewe amekuambia hivyo?" akauliza polepole, kwa Kiiraqw. Nikajifanya napepea mkaa.

"Haya," akasema. "Tumeacha."

Sijawahi kuona kitu kama mchana ule. Habari zilipita nyumba hadi nyumba, na watu walitoka kusimama kando ya barabara, kutoka kanisani hadi kwenye mikaratusi, mikono yao wameifunga nyuma. Alipopita, waliinama mbele kidogo, kila mmoja, miili yao ikitaka kwenda na mikono ikikataa. Katekista alishindwa kutazama, akageukia ua na kusimama ameipa barabara mgongo mpaka mume wangu alipopita. Wanawake wa kwaya walishikana mikono wao kwa wao ili asiwepo wa kuponyoka. Shangazi aliweka kigoda chake mbele ya nyumba na kuikalia mikono yake, kabisa kabisa, na kila mume wangu alipofika kwenye kona alifumba macho.

Ilisikika minyororo tu, na kuhema kwake. Kijana wa Kimaasai alipanda kando yake, mbali kiasi cha kutomgusa. Mume wangu akashuka, akapanda, akashuka, akapanda. Alipokula alikula akiwa amesimama. Mwalimu alipiga hesabu upya na kusema anaweza kufika, ila kwa shida, kwa kuwa jua likizama lazima tuwe tumeondoka. Nyati hutoka msituni saa za magharibi kuingia mashambani, na hao hawaulizi kama umemaliza mlima wako.

Jua lilikuwa limeshuka sana mwenyekiti alipokuja kunong'ona kwamba imebaki safari moja. Moja tu, na Oldeani umekwisha. Nilifunga mikono yangu ndani ya kitenge na kukaza fundo.

Alikuja kutoka kanisani polepole kuliko wakati wote. Mguu wa kushoto ulikuwa haukanyagi tena, ulikuwa unabebwa tu na pedeli. Kwenye kona, mbele ya shangazi, baiskeli ikasimama. Akaweka mguu chini. Akapumua. Akajaribu kuanza, tairi likayumba, akaweka mguu tena. Akajaribu tena, na safari hii ilirudi nyuma kidogo, na watu wote barabarani wakatoa sauti moja ndogo.

"Una muda, kaka," mwenyekiti akasema. "Pumzika kwanza." Lakini alikuwa analiangalia jua.

Sikuweza kuvumilia na sikuweza kuondoka. Kijana wa Kimaasai alisogea karibu nami. "Yeyo," akasema, maana huniita hivyo, mama, kwa kwao, "usimtazame sana. Anaona." Nikatazama chini. Niliomba Mungu, na sikujua namwomba nini, kwamba afike au asifike. Nilitaka tu asiumie. Nilitaka arudi nyumbani, ukutani au popote, arudi tu.

"Mama watoto."

Nikainua kichwa. Alikuwa amegeuka juu ya siti ananitafuta kwa macho kati ya watu. Jasho lilikuwa limemchorea vumbi usoni.

"Njoo."

Nilidhani anataka uji. Nikafungua kitenge, nikachukua kikombe, nikampelekea. Akatikisa kichwa.

"Weka mkono," akasema.

Nikamwambia, kwa sauti ndogo ili wenzake wasisikie, kwamba nikimgusa inafutwa. Na jua ndilo hilo, safari nyingine haipo. Kazi ya siku nzima itakwenda bure.

"Najua," akasema. "Nimechoka, mama. Nimechoka muda mrefu. Weka."

Nikampa kikombe yule kijana. Nikaweka kiganja kati ya mabega ya mume wangu. Shati lilikuwa limelowa, na chini yake mgongo ulikuwa wa moto na ulikuwa unatetemeka. Hakujikunja. Aliegemea nyuma, uzito wake ukaja wote kwenye mkono wangu, na tukakaa hivyo kidogo, mbele ya kijiji kizima, bila kwenda popote. Halafu akakanyaga, nami nikasukuma, na baiskeli ikaondoka.

Watu walipouona mkono wangu walijua sheria imekwisha. Shangazi alitoka kwenye kigoda kwa mbio ambazo sikujua anazo, katekista akageuka kutoka kwenye ua, wanakwaya wakaachiana mikono, wote wanakuja na viganja vimefunguliwa. Mume wangu hakugeuka. Alinyanyua mkono mmoja tu kutoka kwenye usukani.

"Hapana, jamani," akawaambia. "Huyu anatosha."

Wakasimama pale pale walipofika. Tukapanda wawili, polepole, mimi nikihema kuliko yeye.